Gambuti Mlangoni

Mwaka wa tisini na sita nilienda Sosiot kusaga mahindi, stima ya mashine ikapotea, nikachelewa. Nikaamua kurudi nyumbani kwa kukata na njia ya reli. Si chifu alikuwa ametangaza asubuhi hiyo? Reli ya zamani ya kampuni sasa ilikuwa njia ya kila mtu ya kutembea, hakuna askari wa kukufukuza. Geti la kampuni lilipovunjwa nililia. Watu walidhani ni furaha.

Onsongo wangu alisukuma toroli za majani chai kwenye reli hiyo, mpaka kilima kikaporomoka, kikamfukia ndani ya handaki. Kampuni iling'oa reli, ikafunga geti, basi. Walipolichimbua handaki mwaka huo wa tisini na sita hawakupata hata mfupa. Mume wangu sijawahi kumzika. Aliniachia Gekara, mtoto wa kunyonya.

Giza lilikuwa linaingia nilipopita hapo handakini.

Harufu ya mafuta ya taa, kama ya taa za wasukuma toroli...

Kisha nyayo, nyuma yangu. Mguu mmoja unaburuta.

"Mama," sauti ikanong'ona. "Njia imefunguliwa?"

"Imefunguliwa leo."

"Hata mimi naruhusiwa?"

"Wewe na kila mtu, mzee. Kwani ulikuwa wapi?"

Akanifuata. Shingo yangu ilikataa kugeuka mpaka nikafika kwangu. Gekara alikuwa ndani, anachemsha maji ya ugali. Hapo nikageuka.

Woi!

Onsongo. Kikapu cha chai mgongoni, udongo mwekundu kwa nywele. Yeye bado kijana, mimi nimezeeka. Niliogopa, lakini nilimtaka, jamani. Nilitaka aingie ndani.

Yeye alikuwa anaangalia mlango. Hapo palikuwa na gambuti kubwa za mpira, zina matope.

"Hizo ni za mwanaume gani?"

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Sawa," akasema pole pole. "Kaeni vizuri."

Akarudi njiani. Mguu ukaburuta... ukaburuta... kimya.

"Mama, unaongea na nani?" Gekara akatoka, akavaa gambuti zake. Miaka kumi na sita, na miguu tayari ya baba yake.

Asubuhi tulikuta kikapu nje. Majani chai ndani yalikuwa mabichi, yana umande.

Siku hizi wageni wanaotembea hapo na fimbo zao hunikuta jioni kwenye handaki, wanasema nina wazimu. Wacha waseme. Napiga kelele mpaka koo linauma:

"Onsongo! Ni za mtoto! Ni za Gekara wako!"

Huko ndani mguu unaburuta. Unaenda mbali.