Kibuyu cha Safari ya Ukerewe

Sogeeni. Tekla, acha kupukucha hayo mahindi, yanapiga kelele, na jambo hili sitalisema mara mbili. Nyamazeni kabisa. Ni la aibu yangu.

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali tulihama Mbulu, tukashuka tambarare ya Hanang. Kaka yangu Hermani aliendesha mashine ya kuvuna. Mkewe, wifi yangu Zita, ndiye aliyeanzisha nyimbo kwenye kwaya yetu ya wanawake. Msimu ule meneja akasema lori likienda Mwanza kuchukua vipuri litatubeba, tuvuke kwa meli mpaka kisiwa cha Ukerewe, tukaimbe kanisani huko.

Mwezi mzima tulipanga. Nani abebe unga, nani sufuria. Katekista Yoakimu akatuonyesha picha ya kalenda: maji ya buluu, mawe makubwa, mchanga mweupe. Mimi sikuwahi kuona maji yanayozidi lambo la ng'ombe. Nililala na ile picha machoni.

Zikabaki siku tisa. Hermani yuko kambini, mimba ya Zita ikaharibika. Ilikuwa ya miezi mitano, chini ya gauni pana watu walikuwa hawajaijua. Niliipokea kwa mikono hii.

Mnajua desturi yetu Wairaqw. Aliyeharibikiwa mimba anakaa metimani: haendi kwa watu, hagusi moto wa jirani, na chemchemi haisogelei kabisa. Chemchemi ina wenyewe. Na aliyeshika ile damu anafungiwa naye. Miezi, siyo siku.

"Wifi," Zita akasema, "tuwaambie wazee."

"Tutawaambia tukirudi. Lori haliji mara mbili."

Tukamzika mtoto nyuma ya zizi. Maziwa ya Zita yakaanza kutoka. Nikamfunga kifua kwa kitenge chake cha kwaya, nikakaza. Maji tukatumia ya pipa la shambani. Chemchemi tuliikwepa sote wawili.

Jirani yetu Perpetua hakosi kuona kitu. Asubuhi ya safari, wanawake wakijaza maji ya njiani, akacheka: "Hawa mawifi siku hizi hawachoti! Nani kawaoa upya?"

Wengine wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakatuangalia.

Lazima mmoja wetu aonekane akienda. Nikampa Zita kibuyu.

"Wifi, naogopa," akanong'ona.

"Chota haraka, urudi."

Mniulize kwa nini sikwenda mimi. Na mimi niliogopa. Basi nikamtuma yeye.

Jua likapanda. Lori likapiga honi. Zita hajarudi. Nikateremka.

Chemchemi ile haikufika goti. Kitenge kilikuwa juu ya jiwe, kimekunjwa vizuri. Nyayo zake zilikuwa kwenye tope. Ziliingia majini. Hazikutoka.

Kibuyu kilielea. Hapakuwa na upepo, lakini kilizunguka polepole.

Nikaita, "Zita."

Halafu nikasikia. Chini ya maji. Mtoto ananyonya.

Honi ikalia tena. Wanangu, hapo ningepiga yowe, watu wangekuja. Sikupiga. Nilivuta kibuyu kwa fimbo, nikachukua kitenge, nikapanda juu.

"Zita ana homa," nikasema. "Amebaki."

"Pole yake," Perpetua akasema. "Atakwenda mwakani."

Nikapanda lori.

Melini kiu ikanishika, nikafungua kibuyu. Maziwa. Ya vuguvugu, baada ya siku tatu njiani.

Ukerewe ni kuzuri, wanasema. Mimi niliangalia miguu yangu mpaka tuliporudi.

Niliwaambia wazee yote. Wakapima chemchemi kwa miti, wakachimba hata tope. Hawakupata hata unywele. Kaburi dogo nyuma ya zizi wakalikuta limefunguka, ndani kukavu, hamna kitu. Mimi wakaniweka metimani mwaka mzima. Hermani hakuniamkia tena mpaka anakufa.

Ng'ombe wa Zita walirudi kwa baba yake. Sufuria na jembe alipewa Philomena, mke wa pili wa Hermani. Kitenge alikiomba Perpetua, akilia, wala hakukivaa hata siku moja. Kibuyu hakuna aliyekitaka, nikabaki nacho.

Ndicho kile kwenye mwamba wa paa, mdomo chini, tangu mwaka ule. Hakijaguswa na maji. Tekla, wewe ndiye mjukuu wangu wa kwanza, nikifa ni chako. Usikigeuze. Sasa pitisha mkono sakafuni, hapo chini yake, penye unyevu.

Nusa vidole.