Taa ya Kucha na Mashavu ya Kitinda

Mama Msusi alifungua saluni yake saa mbili asubuhi. Alifagia, akachemsha maji, akapanga vitana. Kisha akatazama kioo cha binti yake wa mwisho, akasonya. Kilikuwa kimefunikwa taulo la kijani tena.

"Wewe Kitinda! Mteja atajionaje?"

"Akae kwako, mama. Mimi sitaki kuiona sura yangu."

Kitinda alikuwa na mikono myepesi ya kusuka, lakini chunusi zilimjaa mashavuni. Alizikamua. Alipaka dawa ya meno. Alipaka krimu isiyo na lebo. Wateja wake walizidi kupungua, maana nani anataka kusukwa mbele ya taulo? Mama alisema mpaka akachoka.

Mchana aliona mwanga wa zambarau nyuma ya pazia. Kitinda alikuwa ameweka shavu kwenye taa ya kukaushia rangi ya kucha!

"Makubwa haya! Unakausha shavu?"

"Nimesikia hospitali wanatibu chunusi kwa mwanga. Na sisi taa tunayo."

"Umeanza lini?"

"Leo siku ya tano."

Shavu lilikuwa limeiva, na madoa yamezidi weusi. Mama alichomoa waya wa taa. Akamkokota binti yake hadi kwa jirani, nesi wa kliniki ya ngozi, akamweleza habari ya taa na krimu.

"Mwanangu, mwanga si wa aina moja," alisema nesi. "Taa ya kucha ina miale kama ya jua. Inaweza kuumiza ngozi na macho. Na krimu nyingine huifanya ngozi iungue upesi."

"Lakini hata taa ya kliniki si ya buluu, karibu sawa na yetu?" Kitinda alibisha.

"Kwa macho zinafanana. Ya kliniki haina miale hiyo, na hupunguza vijidudu vya chunusi. Tena daktari anakupima kwanza. Tunahesabu dakika, tunakufunika macho."

"Basi niwekeni leo!"

"Leo?" Mama alishika kichwa. "Mtoto huyu ataniua!"

"Kwanza ngozi ipone," nesi alisema. "Osha uso kwa sabuni laini, asubuhi na jioni. Acha kukamua. Krimu ile itupe. Juani vaa kofia. Na ujue, mwanga haumsaidii kila mtu, wala si kazi ya siku moja."

Ngozi ilipopona, daktari alimpa Kitinda dawa ya kupaka. Akampangia mwanga mara mbili kwa wiki. Kila safari Mama alilalamika, na kila safari alimsindikiza.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja Mama alikuwa akimwosha mteja nywele.

"Kitinda! Taulo la kijani liko wapi? Maji yanamwingia mteja shingoni!"

"Nimelifua, mama. Liko kwenye rafu na mengine."

Mama aligeuka. Kioo kilikuwa wazi. Madoa machache yalibaki mashavuni, lakini Kitinda alikuwa akimsuka mteja na kucheka naye kiooni.

Mama alitaka kusonya. Safari hii alishindwa.

"Basi kifute vizuri hicho kioo," alisema. "Kina vumbi la miezi mitatu."