Kicheko Nyuma ya Barakoa

Wenzangu wa Kharumwa, na ninyi majirani wa machimboni, sogeeni. Asubuhi ile ilitulia kabisa. Mayala anakunywa uji wake, mkewe Paskazia, mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, anamfunga binti yao Nelly kamba za viatu vya shule. Kisha Mayala akawasha karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu. Kelele zake! Kuku wa mtaa mzima walitaga mayai yaliyokwisha kukorogwa. Anayebisha akawaulize kuku.

"Baba Nelly, kiuno kinavuta," Paskazia alisema.

"Utakaa uchekeche unga wa mawe tu, hubebi kitu." Mayala akavaa barakoa. Wote walivaa, hata Mama Eunice, jirani aliyechekecha pamoja na Paskazia, maana vumbi la mawe halina mzaha.

Mayala alijisifu kwamba anamsoma mtu kwa macho tu: hasira, furaha, hata njaa. Na utani haukumkauka mdomoni.

"Paskazia! Umekuwa mzungu kwa vumbi! Kaka zako wakija nasema sikujui, wanirudishie ng'ombe wangu wa mahari!"

Macho ya mkewe yakafinyana, mabega yakatikisika, machozi yakachora mifereji kwenye vumbi.

"Mwoneni, anacheka mpaka analia!" Mayala akanogewa, akarusha utani mwingine. Macho yakafinyana zaidi.

Mama Eunice akatupa chekecheo, akamshusha Paskazia barakoa. Mdomo ulikuwa umeng'atwa mpaka unatoka damu.

"Zima mashine! Baba Nelly, huyu hacheki!"

Karasha liliponyamaza, ndipo Mayala akamsikia mkewe akiugulia. Akambeba mbio hadi kwenye bajaji.

Kwenye kituo cha afya mkunga aliwaambia wangechelewa kidogo tu, mama na mtoto wangepotea. Mtoto alizaliwa mdogo, angeweza kulala ndani ya kofia ya baba yake. Lakini alilia.

"Nilikuwa nakutazama wewe tu," Paskazia alimwambia mumewe. "Nilidhani unaniona."

"Nilikuona, Mama Nelly. Sikukuuliza."

FUNZO

Ndugu zangu, msivue barakoa. Vumbi la mawe linakula mapafu. Ila jueni kwamba maumivu na kicheko vyote hufinya macho. Mdomo ndio huvitenganisha, nao umefunikwa. Basi zima mashine, uliza, usubiri jibu. Na mwenzako akikwambia asubuhi kwamba kiuno kinavuta, usingoje kumsoma machoni. Ameshasema.