Daraja la Mzee Wilbert

Adhana ya magharibi ilimkuta Lusungu anaingia getini, Tabata, na waya wa kulehemu aliotumwa Buguruni ukiwa mfukoni. Umeme ukakatika hapo hapo. Mtaa mzima, giza. Watoto wakapiga ule ukelele wao wa "aaah!", kisha kimya.

Katika kimya hicho akasikia treni.

Si ile ya relini. Ndogo. Tiki-tiki... tiki-tiki... inatokea chumba cha uani cha Mzee Wilbert, chumba ambacho mwenye nyumba mwingine angekipangisha.

"Inatembea kwa nini, na umeme hakuna?" akajiuliza.

Hajamaliza kuwaza, pumzi ikakata.

Ikakata kabisa, kama mtu kamkalia kifuani. Akashika ukuta. Tiki-tiki ikapita... ikafifia... ndipo pumzi ikarudi.

Wiki kadhaa sasa alikuwa anapatwa na hali hiyo. Hospitali walimpima moyo na mapafu, wakasema ni mzima. Mzima gani, na suruali inashikiliwa na mkanda tu? Kila siku pumzi ilichelewa kurudi zaidi ya jana yake. Mtu haambiwi kwamba anakufa; anajua.

Na reli hiyo aliijenga yeye mwenyewe. Mzee Wilbert, karani mstaafu wa stesheni, alikuwa na treni na mabehewa ya kuchezea aliyoletewa kutoka nje. Alichokosa ni fundi. Lusungu, mpangaji wake, hakusomea ufundi popote. Alijifunza kwa kuunguza redio za watu na kutukanwa. Jioni baada ya jioni walitandaza mbao zikajaa chumba, wakalaza reli za nyaya juu ya mataruma ya vijiti vya aiskrimu, wakasimamisha stesheni ya boksi yenye saa ya mkononi ukutani. Walicheka hadi machozi. Mzee alimwita "mkandarasi", naye Lusungu alimpenda mzee yule kuliko alivyompendaga baba yake.

Shida ilikuwa daraja la kuvuka mto waliouchora ubaoni. Alilitengeneza kwa spoki za baiskeli, imara, lakini treni ikipita tu, linaanguka. Akapima upya, akatukana, akarudia. Likaanguka.

"Mkandarasi," mzee alimwambia, "hakuna daraja lililosimama bila kula kichwa cha mtu."

"Mzee wangu nakuheshimu, ila hapo unaniletea upuuzi. Mie naamini spoki na moto."

Mzee akacheka sana. Kesho yake nguzo ya kati ilikuwa imepakwa saruji, na daraja limesimama. Lusungu akajisifu mtaa mzima.

Wiki hiyo hiyo ndipo pumzi ilipoanza kukata. Hakuunganisha mambo. Utamuunganishaje rafiki yako na kifo chako?

Sasa alinyata hadi mlango wa kile chumba. Harufu ikamfika puani: grisi, udongo mbichi, na kitu kama kitanda cha mgonjwa. Ndani mzee alikuwa ananong'ona, taratibu, kama anayebembeleza mtoto.

"Lusungu wa Tupokigwe... inakuja. Shika. Shika vizuri."

Tiki-tiki.

Pumzi ikakata.

Akaanguka magoti, macho yanamtoka, na hata katika kufa huko hasira ilimpanda. Tupokigwe ni mama yake, kazikwa Tukuyu zamani. Karatasi zote za Lusungu zina jina la baba. Dar hii nzima, jina la mama yake alimwambia mtu mmoja tu.

Mtu anayelala naye.

Pumzi iliporudi, aliupiga mlango teke.

Mzee Wilbert alikuwa juu ya stuli, mikono mapajani, mbali na swichi. Treni ilizunguka yenyewe gizani. Madirisha ya mabehewa yalitoa mwanga hafifu, na vioo vyake vilikuwa na mvuke.

Mvuke wa ndani.

"Karibu, mkandarasi. Umepata waya?"

Lusungu alichukua nyundo akabandua saruji ya nguzo ya kati. Kikaonekana kipande cha ovaroli lake la bluu, kimefungwa uzi mweusi, na kwenye fundo zimechomoza nywele. Zake. Yeye haendagi kinyozi. Hunyolewa na mkewe, Demetria, ambaye kisha nywele anazichoma.

Au alidhani anazichoma.

"Baba Jovina, usilitoe!"

Demetria alikuwa mlangoni, tochi ya simu mkononi.

"Ni wewe?"

Demetria akashusha tochi chini.

"Demetria! Ni wewe?"

"Unakumbuka Jovina alivyoshikwa na degedege," akanong'ona, "hospitali wakatuambia tumwombe Mungu? Dawa aliileta mzee. Akasema siku moja nitamlipa fadhila. Nikajua atataka nimfulie."

"Akataka nini?"

"Akamtaka Jovina. Nikampigia magoti. Akasema basi, yeyote wa nyumba yetu, mmoja tu. Nikampa wewe."

Lusungu alimtazama mkewe, akamtazama mzee. Si kufa kulikomuuma.

"Si mngeniambia! Mwanangu yule! Ungenijia tu ukasema, Lusungu, inatakiwa roho, ni wewe au mtoto. Ningekataa mie? Ningejinyoa mwenyewe nikamletea! Wewe unaninyoa huku unanipigia soga. Huyu ananiita mkandarasi. Wote mnajua, ila mwenye kifo ndiye asiyeambiwa!"

Demetria alilia bila sauti.

"Ukilitoa," mzee alisema kwa upole, "daraja litamfuata aliyetajwa mwanzo."

Kutoka nyumba kubwa alisikika Jovina anaimba, ule wimbo wa shule wa kuhesabu vidole. Lusungu alisimama na kidole juu ya fundo, muda mrefu. Kisha akaliachia. Akaokota vipande vya saruji, akavirudishia nguzoni kimoja kimoja, na mikono yake ya ufundi haikutetemeka.

"Haya. Sasa nimeambiwa," alisema. "Nakubali. Ila msiniite tena mkandarasi."

Mzee Wilbert akatikisa kichwa kama mtu aliyeguswa kweli.

"Mke wangu na wanangu wamo behewa la tatu," alisema, "tangu mafuriko yalipowachukua. Wanataka kushuka nyumbani, Kiwalani. Nasi hatujafika; kuna mto mwingine wa kuvuka."

Akavuta turubai pembeni ya meza. Tochi ya Demetria ikamulika ubao mpya, reli mpya, na mto wa pili uliopakwa rangi. Juu yake palikuwa na daraja ambalo Lusungu hakulijenga. Saruji ilikuwa imekauka zamani.

"Mzee," Demetria alisema, "ulisema mmoja."

"Mmoja kwa daraja, mama."

Treni ikaacha njia yake ya kawaida, ikakunja kona kuelekea kule. Tiki-tiki... tiki-tiki... Mzee akainama hadi midomo ikagusa mbao.

"Jovina wa Demetria... inakuja. Shika."

Lusungu akavuta pumzi. Ilikuja vizuri, ndefu, kama zamani. Demetria naye alikuwa anapumua.

Kule nyumba kubwa, wimbo ukakatika kwenye kidole cha tatu.