Nilivyoiharibu Picha ya Mbuke

Jumamosi nyumbani kwetu Mlandege, mjini Iringa, zilikuwa na utaratibu wake, na ole wake mtoto aliyeuvuruga. Asubuhi nilikwenda chuoni kusoma Kurani. Nikirudi nilimsaidia baba kutoa cherehani barazani, nikafagia vipande vya vitambaa, nikachota ndoo nne za maji bombani. Baba yangu, Mzee Bushiri, alikuwa fundi wa kushona nguo, na hakuniruhusu kutoka mpaka akague hata chini ya meza. Hapo ndipo aliponiambia niende kwa wachoraji wenzangu, nami nikakimbia bila hata kuaga vizuri.

Wachoraji wenyewe tulikuwa watano tu, na hakuna hata mmoja aliyekula kwa kuchora. Tulikutana saa nane mchana katika karakana ya Saulo, seremala wa mtaani kwetu. Alikuwepo Mwalimu Tupokigwe, aliyekuwa akitufundisha darasa la sita na ndiye aliyeanzisha kikundi. Alikuwepo Philbert, karani wa posta, ambaye alichora milima tu, milima ya asubuhi na milima ya jioni. Wa nne nilikuwa mimi, Mwanahawa, mwenye miaka kumi na mitatu, na wa tano Mbuke, wa darasani kwetu. Mbuke alikuwa Msukuma. Wazazi wake walikuwa wamehamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, naye alikaa Iringa kwa mjomba wake Magesa ili asome.

Tulichorea mbao nyembamba za masanduku ya chai. Ndugu yake Saulo aliyekaa Nyololo alimpatia masanduku yaliyovunjika ya mashamba ya Mufindi, Saulo akayabomoa na kupiga msasa upande mmoja. Upande wa pili ulibaki na namba nyeusi za uzito. Kila mtu alipewa ubao mmoja, na ukishauharibu ulisubiri mpaka masanduku mengine yaje. Rangi zilikuwa zile za unga za shule, tulizozikoroga na gundi ya seremala, nayo gundi ilinuka kiasi kwamba mama alinikataza kuingia jikoni kabla sijaoga.

Tulikuwa na desturi yetu. Picha ambayo haijaisha ilifunikwa kitambaa. Aliyetaka kuiona alipiga hodi, mwenye picha akamkaribisha, akafunua. Kuanzia hapo mwenye picha alinyamaza, na wageni wakasema wanaona nini, nini kinawapendeza na nini kinawasumbua. Mwalimu alitueleza kwamba mwenye picha ameitazama mpaka macho yake yamechoka, kwa hiyo anahitaji kuazimwa macho ya wenzake. Mimi niliipenda sana saa ile kwa sababu nilisifiwa. Sitawaficha, nilisifiwa kuliko wote, mpaka Mbuke alipokuja.

Mwezi wa sita mwaka 1975, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, barua ilifika. Kila kikundi kilitakiwa kupeleka picha moja kwenye maonyesho ya Sabasaba mjini Mbeya, na aliyeichora aende nayo pamoja na kiongozi wake. Picha moja tu. Mimi sikuwahi kufika Mbeya. Nilikuwa namchora baba akiwa kwenye cherehani, kichwa ameinamisha, uzi ameubana kwa meno, na Saulo alisema anaogopa kumsemesha asije akaumeza. Moyoni nilikuwa nimekwisha panda basi.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuwa kwenye semina, Saulo alikwenda Nyololo msibani, na Philbert alilala na mafua. Mke wa Saulo alitufungulia karakana, tukawa Mbuke na mimi peke yetu. Nikapiga hodi kwenye picha yake. Akanikaribisha, akafunua.

Ng'ombe saba walikuwa chini kabisa ya ubao, pembeni, wakielekea kunywa maji ambayo hayakuonekana. Mbele yao na juu yao hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi. Lilikuwa vumbi jekundu alilolitengeneza mwenyewe kwa udongo wa kandokando ya barabara, likipauka taratibu mpaka likawa mbingu. Niliona kiu, kiu ya kweli ya kutaka maji. Nikajua palepale kwamba picha ile imekwisha, haidai hata mstari mmoja, na kwamba baba yangu na cherehani yake hawaendi Mbeya.

Wivu ulinishika. Mbuke alijaribu kunyamaza kama desturi, lakini akashindwa.

"Hapa juu sipaelewi," alisema. "Naona kama patupu. Wewe unaonaje, Hawa?"

"Patupu mno," nikamjibu. "Watu watadhani umeishiwa rangi. Weka miti, weka nyumba na jua. Weka na watu."

Hata rangi ya kijani nilimkorogea kwa mkono wangu mwenyewe. Mbuke alinishukuru mara mbili. Alisema ni bahati yake kwamba nimekuja, maana wenzetu wote hawapo na angekosa wa kumuuliza. Nilirudi nyumbani nikala ugali na maharage bila kujua ninachokula, nikajiambia kwamba nimetoa maoni tu, na kila mtu ana haki ya kutoa maoni.

Jumamosi iliyofuata wote walikuwepo. Mbuke alifunua ubao wake, na pale palipokuwa na vumbi pakawa na miti mitano, nyumba ya bati, mwanamke mwenye ndoo, na jua la manjano lenye miale kama ya watoto wa darasa la kwanza. Ng'ombe walikuwepo bado, ila ilibidi uwatafute. Saulo alijikuna kichwa. Philbert, ambaye hakupenda kumuudhi mtu, alilisifia jua. Mwalimu aliitazama, kisha akamuuliza Mbuke kwa upole kama picha haikuwa na nafasi zaidi hapo mwanzo.

"Ilikuwa tupu, Mwalimu," Mbuke akajibu. "Mwanahawa ndiye aliyenisaidia kuijaza."

Alilisema hilo kwa fahari, akanigeukia na kutabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu alinitazama mara moja tu. Ilipofika saa ya kuchagua, picha yangu ndiyo iliyochaguliwa, na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mbuke.

Tulirudi pamoja jioni ile, kwa kuwa nyumba zetu zilikuwa njia moja. Njiani akaniomba jambo. Wazazi wake wangekuwa Mbeya wakati wa Sabasaba, kwa sababu baba yake, Mzee Nkuba, angepeleka ng'ombe sokoni huko. Mbuke alikuwa amewaandikia kwamba huenda naye akafika, akiwa na picha ya ng'ombe wa nyumbani. Hakuwa amemwona mama yake tangu mwaka juzi.

"Sasa utakwenda wewe, na ni vizuri," aliniambia. "Mama yangu anaitwa Kalista. Utamjua kwa mwanya. Mwambie mimi sijambo, na kwamba nilijitahidi."

Nikamwahidi. Sikuwa nimejua habari za mama yake, lakini kutojua kwangu hakukunisaidia chochote. Usiku usingizi ulinipaa, na Jumapili nzima nilikuwa mtu wa ajabu nyumbani. Baba alinipa shati la mteja nitie vifungo, nikavitia upande usio wake. Aliposhika lile shati na kuniangalia, nilianza kulia, nikamweleza yote, tangu wivu mpaka rangi ya kijani.

Nilidhani atanichapa. Afadhali angenichapa. Alianza kufumua vile vifungo kimoja kimoja, kisha akaniambia kwamba watu humwamini kwa sababu akiulizwa kama nguo imekaa vizuri husema kweli, hata kama kweli hiyo itamrudisha yeye kwenye cherehani. Akasema hatanisemea kwa mtu yeyote. Kesho yake nitakwenda kujisemea mwenyewe.

Jumatatu baada ya masomo nilimwomba Mbuke anifuate karakanani, nikamwomba na Mwalimu. Saulo alikuwa akiranda mbao, akaacha alipoona nyuso zetu. Nilisema kwamba picha ya Mbuke ilikuwa nzuri kuliko yangu kabla haijajazwa, kwamba nililijua hilo tangu kitambaa kilipofunuliwa, na kwamba nilimwambia ajaze ili aiharibu.

Mbuke hakulia. Alinikazia macho kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Na nilipokushukuru, ulijua?"

"Nilijua, Mbuke. Nisamehe."

Aliuchukua ubao wake, akaufunika vizuri, akatoka. Nilitaka kumfuata, Mwalimu akanishika bega. Nikamuuliza Saulo kama zile rangi za juu zinaweza kubanduliwa. Akaukwangua kwa ukucha ubao wa Philbert kunionyesha, akasema gundi ikishakauka, ukibandua mti unabandua na ng'ombe. Nikamwomba ubao mwingine. Hakuwa nao, na masanduku hayangekuja kabla ya Sabasaba. Wa Mbuke nao haukufaa kugeuzwa, kwa kuwa upande wake wa nyuma ulikuwa umebanduka. Safari ilikuwa bado siku kumi.

"Upo wangu," nikasema. "Una upande wa nyuma."

Saulo alinitazama. "Unajua kwamba ukigeuzwa, baba yako atakuwa anaangalia ukuta Mbeya nzima?"

"Aangalie ukuta," nikajibu.

Mwalimu aliniuliza kama nimelipima jambo hilo vizuri. Nilipoitikia, alijifunga khanga akaenda kwa Mjomba Magesa kuzungumza na Mbuke. Saulo alipiga msasa zile namba nyeusi, akazifunika kwa chokaa iliyochanganywa na gundi. Jioni nilimweleza baba kwamba picha yake haitaonekana. Akasema kuta za Mbeya nazo huenda zina ufundi wake, atazikagua.

Siku mbili Mbuke hakuja. Siku ya tatu alifika na brashi zake, akamsalimu kila mtu isipokuwa mimi. Niliumia, lakini nilijua ni haki yake. Nikatafuta kazi ambayo sikuhitaji ruhusa kuifanya. Nilichimba udongo mwekundu kandokando ya barabara, nikautwanga, nikauchekecha kwa kitambaa laini cha baba mpaka ukawa unga, nikauacha kwenye kopo mezani pake. Aliutumia. Kopo lilipokwisha, nililijaza tena. Tulifanya hivyo kila alasiri mpaka picha ilipokwisha.

Siku ya kuifunua, tulipiga hodi sote, naye akatukaribisha sote bila kunitazama. Safari hii ng'ombe walikuwa sita. Philbert aliuliza wa saba amekwenda wapi, Mbuke akasema yule wa saba alikuwa wa kujaza tu. Kila mmoja alisema alichokiona. Zamu yangu ilipofika, nilisema naona kiu, naona njia ndefu, na sioni kitu kinachokosekana. Nikaongeza kwamba hata ile ya kwanza ilikuwa hivi. Mbuke aliinamisha kichwa akawa anasafisha brashi. Picha yake ndiyo iliyochaguliwa, na hakuna aliyebisha.

Wakaondoka yeye na Mwalimu kwa basi la asubuhi. Mimi nilibaki Mlandege nikitia vifungo. Msinione mwema, nilimwonea wivu tena siku ile, basi lilipopita. Lakini maharage yalikuwa yamerudiwa na ladha yake.

Waliporudi, tulikutana karakanani kusikia habari. Mbuke alisimulia jinsi watu walivyojaa, na jinsi mama yake alivyosimama mbele ya picha akawataja wale ng'ombe sita mmoja mmoja kwa majina, mpaka baba yake akaona haya na kumvuta mkono. Kisha Mbuke akanigeukia. Yalikuwa maneno ya kwanza kuniambia tangu ile Jumatatu.

"Mama aliona rangi imevuja pembeni mwa ubao, akaniuliza nyuma kuna nini. Nikamwomba msimamizi, tukaugeuza. Akaniuliza, huyu fundi ni nani?"

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nikamwambia ni baba yake rafiki yangu."

Nililia mbele yao wote, na sikuona aibu. Mbuke naye alitokwa machozi, akanicheka kwamba pua yangu imekuwa nyekundu kama udongo wake. Mwalimu Tupokigwe alisubiri tumalize. Kisha akaniita karibu na dirisha.

"Mwanangu," aliniambia, "mtu anayekuonyesha kazi ambayo haijaisha hana kinga. Unaweza kumwinua au kumwangusha, naye hawezi kujua unafanya lipi, kwa sababu anategemea ukweli wako tu. Ndiyo maana kumdanganya mtu wa namna hiyo ni kosa kubwa. Wivu utakuja tena. Hata mimi huwa unanijia, na nina umri huu. Ukija, uache ukae moyoni mpaka uchoke, lakini usiuazime mdomo wako. Na siku ukiuazima kwa bahati mbaya, rudi upesi ukaseme, kama ulivyorudi, kabla hujaanza kuuzoea uongo."

Nikamwambia nimesikia, na kweli nilikuwa nimesikia.