Mbegu za Tayabak Hazisubiri

Milagring alikuwa akifua nguo mtoni kila asubuhi. Juu ya mti ulioinamia maji ulitambaa tayabak, mmea wa msituni alioupanda marehemu mama yake. Kila Machi maua yake ya rangi ya feruzi yaliteremka kama shanga, marefu kuliko mkono.

Lakini ukingo ulikuwa unamomonyoka. Mizizi ilikuwa nje.

"Mvua kubwa zikija, mto utauchukua," alisema. "Nitaotesha mwingine."

Mwaka huo yalitunga maganda mawili tu. Alichuma moja lililokomaa, akatoa mbegu tisa. Akazianika juani juu ya ungo kama choroko, akazitia chupani mwezi mzima. Alipozipanda, hakuna iliyoota.

"Umepanda kokoto, mke wangu?" mumewe Dencio alimcheka.

"Cheka tu. Mama mkwe wako anakusikia huko aliko!"

Jirani yao Sabel alifanya kazi kwenye kitalu cha miti. Alifukua mbegu moja, akaipasua kwa kisu. Ndani ilikuwa kavu.

"Ilikufa kabla hujaipanda, dada. Nani alikwambia uianike?"

"Si jamii ya maharage? Maharage huanikwa."

"Ni ndugu, ila tabia mbalimbali. Hii ni ya msituni, imezoea unyevu. Ukiikausha umeiua. Itoe kwenye ganda, uipande siku ileile. Tia udongo wenye majani yaliyooza, weka kivulini. Mwagilia, lakini maji yasituame."

Ganda la pili, ambalo sasa lilikuwa limekomaa, lilining'inia juu ya maji. Dencio akavua kandambili.

"Aliyecheka ni mimi. Basi nitakwea mimi."

Tawi lililia. Milagring alifumba macho. Dencio akashuka na goti lililochubuka, ganda likiwa ndani ya shati.

Mbegu saba zilipandwa kabla ya chakula cha mchana. Siku ya kumi na mbili, Milagring alipiga kelele hadi Sabel akaja mbio. Chipukizi! Ziliota tano.

Mvua zilipoanza, ukingo uliporomoka na mti wake. Milagring alilia. Kisha akajifuta machozi, wakaipanda miche mbali na mto, kila mmoja chini ya mti imara wa kuutambalia.

Mwaka wa nne ilichanua. Maganda yalipokomaa, majirani walikuja kuomba mbegu. Milagring aliwapa zikiwa bado na majimaji.

"Usipitie dukani kupiga soga," alimwambia kila mmoja. "Nyoosha nyumbani, uipande leo."