Gitaa Lisilo na Kinga

Kila siku saa kumi na moja alasiri, baba yake alipokwisha kufungua tena karakana baada ya usingizi wa mchana, Azahara aliketi kwenye kiti cha ukindu karibu na dirisha akaliamsha gitaa jipya. Hivyo ndivyo walivyoiita kazi hiyo nyumbani kwao. Gitaa linapotoka mikononi mwa fundi huwa bado limelala, mbao zake hazijazoeana. Sharti mtu alipige polepole kwa wiki kadhaa mpaka sauti ifunguke. Katika karakana ya Evaristo Molinero, mtu huyo alikuwa binti yake wa miaka kumi na miwili.

Azahara aliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote. Karakana ilinukia maranda na vanishi. Jua la Aprili liliingia kwa pembe, likatua juu ya magitaa yaliyoning'inia bila nyuzi, na nje watalii walipanda mlima kuelekea ngome ya kale ya Alhambra huku wakihema. Yeye alifumba macho. Alivuta uzi mmoja, akausubiri unyamaze wenyewe, kisha akavuta mwingine. Nyakati nyingine alihisi kwamba yeye ndiye aliyelala, na kwamba gitaa ndilo linalomwota.

Gitaa la siku zile lilikuwa la Bi Herminia. Kwa miaka arobaini mama huyo alikuwa amewapigia wachezaji ngoma wa mji wao wa Granada, na kila mtu alijua jinsi alivyopiga: vidole vikikimbia juu ya nyuzi, na ukucha wa kidole cha pete ukigonga mbao, ko, ko, kumjibu mchezaji kila anapokanyaga. Ndiyo maana magitaa ya kuwapigia wachezaji hubandikwa kinga, bamba jembamba la plastiki chini ya tundu la sauti, ili kucha zisiutoboe uso wa gitaa. Lakini safari hii Bi Herminia alikuja na ombi jipya.

"Usilibandike kinga, Evaristo," alisema. "Kinga inaziba sauti. Nimegonga mbao maisha yangu yote. Hili nataka uso wake uwe mtupu."

Baba aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo, kila alipomkabidhi Azahara gitaa lile, alisema maneno yale yale: "Nyuzi tu, mwanangu. Kidole cha pete kilale."

Jumatatu moja baba alikuwa ametoka kumrudishia mteja gitaa lililotengenezwa. Azahara alikuwa katikati ya uzi wa nne, macho yamefumbwa, mlango uliposukumwa kwa kishindo.

"Nimechaguliwa," alisema Nuria, binamu yake, huku akitupa begi la shule juu ya maranda. "Sikukuu ya Misalaba ya Mei nitacheza mbele, peke yangu. Unasikia? Mbele. Si nyuma kama yule twiga Remedios."

"Remedios ni mrefu tu, maskini."

"Twiga naye ni mrefu tu. Haya, nipigie nikuonyeshe."

"Siwezi na hili. Ni la Bi Herminia."

"Basi lipige kama la Bi Herminia. Dakika moja tu, bibie, usiringe."

Nuria alikuwa ameshavaa viatu vyake vya visigino. Alisimama wima, mikono ikapanda taratibu, na kisigino kikagonga sakafu. Azahara alianza polepole, nyuzi tu, kama alivyoagizwa. Kisha visigino vikaongeza mwendo, naye akavifuata. Vumbi la mbao lilipaa likaelea ndani ya jua. Kwa muda hapakuwa na karakana, wala mlima, wala Jumatatu. Palikuwa na visigino vinavyouliza na mkono unaojibu.

Nuria alipomaliza, alianguka kitini akicheka. Azahara hakucheka. Aliufungua mkono wake, akatazama chini ya tundu la sauti. Juu ya mbao nyeupe palikuwa na alama mbili ndogo zilizopinda, kama miezi michanga miwili. Kidole cha pete hakikuwa kimelala. Kilifanya kilichozoea kufanya juu ya gitaa lake mwenyewe, lenye kinga.

"Baba ataniua," alinong'ona.

Nuria aliinama akatazama. "Si droo ile imejaa kinga? Bandika ile nyeupe kama maziwa. Nani ataona kilicho chini yake?"

"Bi Herminia alisema hataki."

"Wazee hubadili mawazo kila siku. Sema alipita hapa akabadili mawazo."

Azahara alijua kwamba jambo hilo ni baya. Alilijua hata wakati mikono yake ilipokuwa ikifungua droo, ikichagua kinga nyeupe, ikibandua karatasi ya mgongoni. Kinga ilishika mara moja, na ile miezi miwili ikatoweka.

Baba aliporudi, alisimama mbele ya gitaa kwa muda mrefu bila kuvua koti.

"Bi Herminia alipita," alisema Azahara, akitazama viatu vyake. "Amesema afadhali libandikwe kinga. Nami najua kubandika, kwa hiyo..."

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

Baba alivuta uzi mmoja, akainamisha kichwa kusikiliza. "Ajabu," alisema. "Lakini gitaa ni lake."

Hakuuliza zaidi, na hilo ndilo lililomuumiza Azahara. Angeuliza tena, labda angemwambia. Jumanne na Jumatano aliketi kwenye kiti chake akavuta nyuzi, lakini gitaa lilisema kama mtu aliyejifunika blanketi usoni. Alifumba macho, na ndoto hazikuja. Badala yake aliona miezi miwili chini ya bamba jeupe, imebana pumzi, ikimsubiri.

Alhamisi baba aliweka msasa chini akafuta mikono kwa aproni.

"Nitampigia simu Bi Herminia kabla hajaja Jumamosi. Nimweleze kwamba kinga imepunguza sauti, asije akadhani nimefanya kazi ovyo."

Alinyoosha mkono kuichukua simu. Azahara aliona mkono ule ukienda.

"Baba, usipige. Hakupita hapa."

Mkono wa baba ukasimama.

"Hakupita, wala hakusema lolote. Mimi niligonga mbao kwa kidole wakati Nuria anacheza. Nikabandika kinga ili usione. Nikakudanganya."

Baba hakupaza sauti. Alivuta pumzi, akalilaza gitaa juu ya blanketi mezani, akachukua mashine ya kukaushia nywele aliyoitumia kulainisha gundi. "Njoo hapa ushike mwanga," alisema.

Hewa ya moto ikapulizwa. Baba aliinua pembe ya kinga kwa ncha ya ukucha, polepole kabisa. Kinga ilitoka, na vanishi ikatoka nayo. Vanishi ilikuwa bado changa. Palibaki doa kubwa lililofifia kama magamba ya samaki, na katikati yake ile miezi miwili. Azahara aliuma mdomo.

Baba alilowesha kitambaa, akakiweka juu ya alama, akakigusa kwa pasi ndogo. Mvuke ulipanda kidogo. Alirudia mara tatu, kisha akainua kitambaa. Mbao ilikuwa imevimba, ikarudi mahali pake. Alama hazikuwapo.

"Imekwisha?" aliuliza Azahara.

"Alama zimekwisha. Maji kidogo, pasi, dakika kumi." Baba alionyesha lile doa kwa kidole. "Hili sasa ni wiki tatu za kupaka vanishi kwa mkono, tabaka juu ya tabaka. Umeona tofauti?"

"Nimeona."

"Niambie."

Azahara alifikiri. "Alama nilizitia bila kujua. Doa nililitia nikijua."

"Sikiliza, mwanangu. Sijawahi kumjua fundi ambaye hakuharibu mbao. Mimi niliharibu nyingi kabla hujazaliwa, na nyingine baada ya wewe kuzaliwa. Ukiniletea kosa lingali dogo, tutalitengeneza pamoja na kwenda kula. Ukilificha, linakula vitu vingine vizuri vilivyo karibu nalo. Limekula vanishi yangu, na limekula siku zako tatu. Si umekuwa hulali vizuri?"

Azahara aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka.

"Basi futa macho. Vanishi tutapaka sote wawili, kila siku baada ya shule. Lakini kumwambia Bi Herminia ni kazi yako. Mimi sitaisema kwa niaba yako."

Jumamosi Bi Herminia alifika amevaa koti la kijani, akinukia marashi ya maua. Azahara alikuwa ameyarudiarudia maneno yake usiku na asubuhi, lakini yalipohitajika yalikimbia yote. Alisema yaliyobaki.

"Bi Herminia, gitaa lako haliko tayari. Nililigonga kwa kidole. Kisha nikabandika kinga ili kuficha, nikamwambia baba kwamba wewe ndiye uliyetaka. Kinga ilipotolewa ikang'oa vanishi. Tutaitengeneza, lakini utasubiri wiki tatu. Nisamehe. Ulitaka lisigongwe hata mara moja."

Bi Herminia alikaa kwenye kiti cha ukindu bila kukaribishwa. Alilitazama doa, kisha akamtazama mtoto.

"Kwa nini uligonga?"

"Nuria alikuwa anacheza. Sikukusudia. Mkono ulimjibu tu."

"Na ulimjibu kwa wakati? Au ulimwangusha binti wa watu?"

"Nadhani kwa wakati," alisema Azahara. Kisha, kwa sababu alikuwa amechoka kusema nusunusu, akaongeza, "Hapana, najua. Ilikuwa kwa wakati."

Bi Herminia akacheka, cheko fupi la puani. "Evaristo, mtoto wako ana haya kama paka mgeni, halafu anajisifu."

"Hilo la pili amelitoa kwa mama yake," alisema baba.

Bi Herminia alivua glovu zake moja moja, akaiweka mikono yake juu ya magoti. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, na kidole cha pete cha mkono wa kulia kilikuwa kimejikunja kuelekea kiganjani. Alijaribu kukiinua, nacho hakikwenda popote.

"Vanishi ikishakauka kabisa, hata kama ni mwezi wa saba," alisema, "libandike kinga, Evaristo. Ile ya kuona mbao chini yake."

Baba alishangaa. "Lakini ulisema inaziba sauti."

"Nilisema." Bi Herminia alimgeukia Azahara, si baba. "Wewe umekuja kwangu na ukweli wako ukitetemeka, na mimi mzee mzima nimekaa hapa na uongo wangu. Sauti ilikuwa kisingizio. Kidole hiki hakiinuki tena tangu baridi ya mwaka juzi, nikaona haya kusema. Nikaona nikiwa na gitaa lisilogongwa, hakuna atakayejua kwamba siwezi kugonga."

Nje mtalii mmoja aliuliza njia, na mwingine akamjibu.

"Njoo kwangu siku za Jumatano," alisema Bi Herminia kwa sauti ya chini. "Gitaa hili ulipige wewe, na ugonge. Mimi nataka kuisikia tena mbao ikijibu, hata kama mkono si wangu. Hilo ndilo nililotaka kusema tangu siku ya kwanza."